Gunia Juu ya Meza ya Mama Kigoda

Kabla ya kukaa, Mama Kigoda alikigonga kigoda chake chini kwanza. Enzi za sakafu ya udongo alikuwa akifukuza nge. Saruji ilipomwagwa aliendelea vilevile. Wenzake walipomcheka, aliwajibu kwamba nge wa siku hizi wanavaa viatu.

Soko lilikuwa la wanawake watupu. Wanaume walishusha mizigo alfajiri, wakashukuriwa, wakaenda zao. Bei, zamu za kufagia na ugomvi wa mipaka viliamuliwa na wenyewe, na kwa miaka mingi neno la mwisho lilikuwa lake. Kulikuwa na sheria isiyo na mjadala: anayeficha bidhaa mbovu chini ya nzuri, meza yake hufunikwa gunia, naye hukaa kando yake mpaka jioni, watu wamwone.

Mke wa mwanawe alipokosa kazi, Mama Kigoda alimtafutia meza jirani na yake, naye akauza nyanya kama yeye. Asubuhi moja mzigo wa mkwe ulikuwa umelainika. Aliangaza huku na huku, akazipanga mbovu chini, ngumu juu. Baadaye akaenda msalani, na kama ilivyo desturi ya jirani, Mama Kigoda akamshikia meza na kuwauzia wateja wake.

Mkwe aliporudi alikuta watu wamejaa. Mpishi wa mgahawa alikuwa amemwaga kapu lake sakafuni, nyanya zimepasuka, maji yanatiririka. Alisema aliuziwa na mama huyu, kwa mkono wake huu.

“Mama Kigoda,” muuza vitunguu aliuliza, “ni macho yamekwisha au ni roho?”

Baadhi wakacheka. Mkwe alifungua kinywa. Mama Kigoda alimtazama, akamsubiri kidogo. Mkwe akainama, akajifanya anaokota nyanya, na hakuinua uso hadi aliposikia gunia likikung'utwa. Mama mkwe wake alikuwa analitandaza juu ya meza yake mwenyewe.

Siku hiyo mkwe aliuza kuliko siku zote, maana wateja wa mama walihamia kwake. Kila aliyemsifia nyanya zake alimchoma moyo.

Kikao kilichofuata wanawake walimchagua kiongozi mwingine. Nyumbani Mama Kigoda hakuligusa jambo lile. Alikula, akaomba chumvi, akaulizia wajukuu. Mara nyingi mkwe alianza, “Mama, siku ile…” akaishia kuuliza kama chai imepoa.

Mwishowe mama alikwenda kuishi kwa binti yake, mbali. Mkwe alimbebea mzigo hadi stendi, amejiapiza kwamba leo atasema. Basi likaunguruma, naye akajishughulisha na kamba ya mzigo. Mama Kigoda akachungulia dirishani, akamwambia maneno ya mwisho, kwani hawakuonana tena:

“Meza yangu ichukue wewe, mwanangu. Ila nyanya za chini uziangalie. Wewe macho yako ni mazima.”