Nusu ya Maneno ya Mellen

Mellen aliacha kulima tumbaku baada ya kumzika mumewe, Wangwe, aliyekufa kwa ugonjwa wa kifua. Misimu mingi walikuwa wamechuma pamoja, wakilala na kichefuchefu na vichwa vikizunguka kama vya walevi, na kila mara wakisema mwaka ujao wataacha. Wangwe hakuuona mwaka huo. Mellen akang'oa mashina yote, akapanda majani ya ng'ombe, akaanza upya na mtamba mmoja aliyepewa na kaka yake. Pole pole zizi likajaa. Nje kidogo ya mji wa Kehancha, mtu akiuliza maziwa yasiyotiwa maji, alielekezwa kwa Mama Japheth.

Japheth, mwanawe wa pekee, alikuwa fundi wa umeme Nairobi. Ndiye aliyemnunulia simu ya kutelezesha kidole, akamfundisha kupiga picha na kuingia mtandaoni. Mellen alikuwa na ulimi mwepesi na sauti ya kuaminika. Kanisani kwao, kwa Wasabato, ndiye aliyesoma matangazo, na hata mtandaoni watu walimfuata kwa habari za chanjo ya mifugo na bei ya nyasi.

Kisha kampuni ikaja, ikajenga kiwanda cha kuchenjua dhahabu kilimani, juu ya kijito walichokunywea ng'ombe wa mtaa mzima. Masika yaliyofuata, bwawa la taka la kiwanda likafurika. Ng'ombe wa Mellen waliteremka kunywa asubuhi kama kawaida yao. Kufikia adhuhuri walikuwa wamelala kando ya maji, povu mdomoni, matumbo yamevimba. Hakupiga ukunga. Alitoa simu akawarekodi mmoja mmoja, akiwataja kwa majina, halafu akaielekeza simu kilimani na kusema, "Maji yametoka kule. Na watoto wetu wanakunywa haya haya."

Video ile ilienea kama moto kwenye nyasi kavu. Watu waliitazama Migori, Homa Bay, hata ng'ambo ya mpaka. Maafisa wa serikali waliokuwa hawapokei simu wakaja wakachota maji kwenye chupa. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa imeomba kibali cha kupanua kiwanda, kikao cha kukusanya maoni ya wananchi kikatangazwa.

"Shemeji, wewe ndiye utafungua mazungumzo," Magige, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, alimwambia Mellen. "Sisi wengine tukisema watatuita wachochezi. Wewe watu wanakuamini."

Wiki chache kabla ya kikao, wageni wawili waliingia bomani kwake: msichana aliyejitambulisha kama Liz na kijana wa kamera aitwaye Tony. Walikuwa na adabu. Walivua viatu mlangoni ingawa hakuna aliyewaambia. Walisema wanakusanya simulizi za akina mama wa vijijini, ili dunia iwasikie. Mellen akawachinjia kuku, akawasongea ugali wa mtama, akamwita na Bhoke, jirani yake wa kufa na kuzikana, aje kumpa kampani. Mchana wote akasimulia, Bhoke akiwa ameketi pembeni akichambua mboga.

"Tuanze mwanzo, mama," Liz alisema kwa upole. "Kampuni ilipokuja mara ya kwanza, mlijisikiaje?"

"Tulifurahi," Mellen akajibu, maana ndivyo ilivyokuwa. "Barabara ilichongwa, vijana wakapata kazi. Mimi mwenyewe nilisema Mungu ametukumbuka. Lakini tazama sasa." Na hapo akaeleza yote: ng'ombe, maji, vidonda vilivyotoka kwenye miguu ya mtoto wa Bhoke. Mwishowe Tony akamwomba asimame karibu na ndama aliyebaki, acheke kidogo, "tupate picha nzuri ya mama mwenye nguvu." Akacheka.

Siku chache baadaye, alipofika sokoni na mizigo ya majani ya ng'ombe, biashara pekee iliyombakia, wateja wake walikuwa wananunua kwingine. Hakuna aliyemtukana. Walijifanya tu hawamwoni. Ni muuza nyanya aliyemhurumia akamwonyesha simu.

Pale kwenye kioo alikuwa yeye, ameketi kwake, nyuma yake pazia lake la maua. "Tulifurahi. Barabara ilichongwa, vijana wakapata kazi. Mimi mwenyewe nilisema Mungu ametukumbuka." Kisha akaonekana akicheka na ndama, muziki ukipigwa. Juu yake paliandikwa: *Mama wa ng'ombe sasa asema ukweli.* Neno "lakini", na yote yaliyolifuata, hayakuwapo.

Chini ya video, maoni yalimiminika kama siafu. Mmoja alisema ng'ombe wale walikufa kwa ugonjwa na yeye alikuwepo. Mwingine alisema mama huyu alitumiwa na wanasiasa, ila sasa dhamiri imemsuta. Walijiita kwa majina ya Kikuria, wengine wakisema ni wa Isebania, wengine wa Ntimaru. Mellen aliyasoma yote. Kwa Wakuria wenzake, jina halikosi boma lake, kwa hiyo akaanza kuuliza: huyu ni mtoto wa nani? Huyu ameolewa wapi? Akawauliza watu wa boda boda, akamuuliza mchungaji. Hakuna aliyemjua hata mmoja wao. Ila hao wasiojulikana ndio walioaminika, na yeye aliyejulikana tangu aolewe akawa mwongo.

Alirekodi video nyingine kueleza. Haikukaa hata siku moja. Ukurasa wake wote ulifungwa kwa sababu watu wengi mno walikuwa wameushtaki kwamba unaeneza uongo. Akaishtaki na yeye ile video iliyokatwa. Jibu likaja kwa Kiswahili kikavu: tumeipitia, haikuvunja kanuni zetu. Hakujua ni nani aliyeipitia, wala mtu huyo aliketi wapi, wala kama alikuwa mtu.

Jioni hiyo Japheth alipiga simu kutoka Nairobi. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mama, walikupa nini?"

Kama ni jirani, Mellen angegombana naye. Huyu ni mtoto aliyemnyonyesha mwenyewe.

"Hawakunipa kitu, mwanangu."

"Sawa, Mama," akasema Japheth, na Mellen akasikia kabisa kwamba hakuamini.

Namba aliyoachiwa na Liz haikuwa ikipokelewa, lakini kadi yake ilikuwa na mahali: Migori mjini, juu ya duka la dawa. Mellen akaenda. Alipanda ngazi hadi chumba kilichojaa vijana, kila mmoja na simu kadhaa zimepangwa mbele yake kwenye ubao. Walikuwa wakiandika kimya kimya, wakiweka hii chini na kushika ile. Hakuna aliyestuka kumwona; pengine walidhani ni mama wa chai.

Kijana aliyekuwa karibu na mlango aliinua macho. Kwa lafudhi yake, alikuwa Mjaluo.

"Samahani, mama. Wewe ni Mkuria?"

"Ndiyo."

"Nisaidie. Mtu mwongo kwa Kikuria mnamwitaje? Na linaandikwa aje?"

Mellen akatazama simu ile. Kulikuwa na picha ya mzee wa kofia, jina la Kikuria alilokuwa amelisoma kwenye maoni, na juu ya kidole cha kijana, uso wake mwenyewe Mellen ukicheka na ndama. Akaita jina la Liz.

Liz alitokea chumba cha ndani, akasimama ghafla. Alimshika mkono akampeleka kwenye ngazi.

"Mama, hukupaswa kuja hapa."

"Nipe maneno yangu," Mellen akasema. "Yale yote. Ya mchana kutwa."

"Hayako kwetu. Sisi tunarekodi tu, wenye kazi wanachukua. Mimi sikujua watakata wapi."

"Ulikula kwangu, Liz."

Liz aliangalia chini. Alikuwa bado mdogo, umri wa kuanza kazi ya kwanza. "Nisamehe, mama," akasema. "Lakini ukisema ulikuja hapa, nitasema sikujui." Akarudi ndani, na mlango ukafungwa kwa komeo.

Siku ya kikao, uwanja wa shule ulijaa. Magige alikuwa amemtumia ujumbe asije. Alikuja. Mwanamke wa kampuni, amevaa kitenge kizuri, hakuhutubia sana. Alitundika shuka jeupe na kuwaonyesha watu video ya Mellen. "Hatuna la kuongeza," akasema. "Mmemsikia mwenzenu."

Mellen akasimama. "Hiyo ni nusu," akaanza. "Nilisema zaidi ya hayo. Ng'ombe wangu—"

"Keti, Mama Japheth," Magige akasema kwa uchovu. "Umeshatuuza, usitufanye tena wajinga."

Minong'ono ikapanda ikawa kelele. Mellen alipaza sauti, akapaza tena, hata shuka lake la begani likamwanguka, na simu zikainuliwa kumrekodi. Kabla jua halijatua hiyo nayo ilikuwa mtandaoni: mama amechanganyikiwa, familia imwombee. Kibali kikatolewa mwezi uliofuata.

Alibakiwa na shahidi mmoja tu. Akamngojea njiani Bhoke aliyekuwa akitoka kuchota maji.

"Wewe ulikuwa umeketi pale," Mellen alimwambia. "Ulisikia nilivyosema. Ulisikia nilivyomtaja mtoto wako."

Bhoke aliutua mtungi.

"Nilisikia yote," akasema.

"Basi waambie. Mwambie hata Magige peke yake."

"Baba watoto ameandikwa kazi ya ulinzi pale juu kiwandani. Tangu juma lililopita." Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti. "Mwenzangu, nikisema tutakula nini?"

Mellen hakumlaumu. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote, kwamba hakuweza hata kumlaumu. Alimsaidia kujitwika mtungi, maana ulikuwa mzito, na Bhoke akashika njia ya kwake bila kugeuka nyuma.

Siku hizi matangazo ya kanisani yanasomwa na mwingine. Mellen huketi safu ya nyuma, na ibada ikiisha hutoka kabla ya watu kuanza kusalimiana. Maji huyafuata mbali, juu kabisa ya kiwanda, na kumnywesha ndama wake kwa ndoo. Japheth hupiga simu kila mwisho wa wiki. Huzungumza juu ya mvua na afya, na akishamaliza hayo hunyamaza, na mama yake naye hunyamaza, hadi mmoja wao aseme, haya, tutaongea.