Siku Dada Alipopimwa Uongo

Dada yangu mkubwa na mimi, mdogo wake wa kiume, tulikuwa tukifanya kazi katika hoteli moja ya Mji Mkongwe. Yeye akisafisha vyumba, mimi nikifua mashuka. Mgeni mmoja akapotelewa na mkufu wa dhahabu. Mwenye hoteli akamleta bwana mmoja kutoka bara, na mashine ya kupima uongo.

Nilianza mimi. Nilifungwa mkanda kifuani, nikavishwa nyaya vidoleni. Nikamtazama yule bwana nikasema sikuuchukua, akaniachia.

Akaingia dada. Mlango ulikuwa wazi, nikawa nasikia kutoka nje.

"Nitazame ninapokuuliza."

Hakumtazama. Ndivyo tulivyolelewa kwetu Kikwajuni, mwanamke hamkazii macho mwanamme asiyemjua.

"Mkufu umeuchukua?"

"Wallahi sikuuchukua. Wallahi tena!"

"Jibu ndiyo au hapana. Mbona unaapa?"

Dada akatafuta neno kwanza, ndipo akasema, "Hapana."

Baadaye yule bwana akamweleza mwenye hoteli mbele yetu: huyu anakwepa macho, anaapa bila kutakiwa, anachelewa kujibu, mikono inamtoka jasho, na mashine inaonesha moyo unamwenda mbio.

"Lakini ndivyo alivyo siku zote," nilisema. "Mikono yake hutoka jasho tangu mdogo."

Yule bwana akakunja nyaya zake. Dada akaambiwa asirudi tena kazini.

Habari zilifika nyumbani kabla yetu. Mama alimngoja avue buibui, akamkalisha kitandani.

"Mwanangu, niambie mimi. Hukuuchukua?"

"Sikuuchukua, mama."

Alijibu kwa upole, lakini nilimwona alivyovunjika. Ya hotelini aliyastahamili. Lile swali la mama lilimshinda. Tangu siku ile akawa anakula peke yake. Mama akimpikia pweza wa nazi, chakula akipendacho, atashukuru, ataonja, basi.

"Nilikuuliza tu, mwanangu."

"Najua, mama."

Masika yalipoingia, mama alianguka jikoni, akafariki siku ile ile.

Tulikuwa bado tuna msiba pale fundi bomba alipofungua bomba la beseni katika chumba cha yule mgeni kule hotelini, akaukuta mkufu. Mwenye hoteli alikuja mwenyewe kuomba radhi. Dada akamkaribisha ndani, akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia amemsamehe, ila kazini harudi.

Mwenye hoteli alipokwisha kuondoka, dada akaniuliza, "Mama alikuwa akiniamini?"

"Akikuamini."

Sikuwa najua. Mama hakuniambia, nami sikumuuliza. Dada akatikisa kichwa kukubali, akaingia ndani kuwasha jiko.