Mtatari wa Kibiti

Juzi stendi ya Kibiti, mama muuza chai alimwekea mgeni mmoja chapati na samaki, akamwita Mrusi.

"Nchi yangu Urusi, mama," mgeni akajibu kwa Kiswahili cha taratibu. "Ila kabila langu Mtatari."

"Nyumbani mnasema Kitatari?"

"Bibi yangu tu. Sisi tunasema Kirusi."

Mama akamnyooshea kidole bintiye aliyekuwa anasukuma chapati. "Kama huyu. Mndengereko, na Kindengereko hajui hata salamu. Haya, watani wenu kina nani?"

"Watani?" mgeni akauliza.

"Mkifiwa, nani anakuja msibani kuwatania mpaka mcheke?"

"Hakuna."

Banda zima tukamwonea huruma. Mama akainua kipande cha samaki kutoka sahani ya mgeni, akakitafuna bila haraka. "Basi watani wenu sisi."

Mgeni akavuta kikombe cha mama, akanywa chai yote.

Uraia watu huuomba kwa barua na mihuri. Huyu wetu kapokelewa kwa kunyang'anywa samaki.

"Sasa ukifiwa utupigie," mama akamwambia, akijimiminia chai nyingine. "Tuje tukucheke."