Shemeji amempiga msasa tai wa Urusi

Nani anataka shemeji? Namtoa bure, na msasa wake.

Marehemu babu aliniachia sarafu ya Kirusi yenye picha ya tai, nyeusi kwa uzee. Mnunuzi mmoja wa Kisii mjini ameniambia leo atakuja kuangalia herufi ndogo chini ya tai, maana ndizo zinaonyesha ilitengenezwa wapi.

Shemeji huchonga vinyago vya mawe huko Tabaka. Ameiona mezani, akanihurumia. "Mgeni anakuja, na kitu ni kichafu hivi?"

Akaisugua kwa msasa na maji, vile wanavyosugua ndovu wa mawe wa kuuzia watalii.

Sasa inang'aa kama kijiko kipya. Herufi hakuna! Tai ana vichwa viwili na sura hana hata moja.

Nimepiga kelele mpaka majirani wakatoka. Bwana mkubwa akapangusa mikono, akaniambia, "Shemeji, kwani ni herufi tu? Nitajie, nichonge."