Tuliozaliwa Baharini

Mpaka leo nikisikia harufu ya mihogo iliyovundikwa, nageuza uso. Mihogo haina kosa. Ninachokionea kinyaa ni maneno yangu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili nafundisha Rungwe Mpya, wilaya ya Kasulu, nikiwa nimehamishiwa huko kutoka Pangani. Likizo ya Juni mdogo wangu akaja kunitembelea na miwani ya kuogelea shingoni. Alikuwa amesikia Kigoma akadhani ziwa liko mlangoni kwangu. Alipokuta vilima na mashamba ya mihogo alinuna siku mbili nzima, akioga kwa ndoo kama anayetumikia kifungo.

Siku ya tatu akaligundua bwawa. Ni kijito tu, kina mama walikizuia kwa mawe ili wavundike mihogo yao. Kila mmoja ana mahali pake: anajaza mihogo kwenye kiroba, anakizamisha kwa mawe, kisha anafunga kamba kwenye kigingi ukingoni na kuning'iniza kipande cha kitenge ili kijulikane ni cha nani. Mihogo ikishalainika wanavuta kamba wakiwa nchi kavu. Hakuna anayeingia humo. Maji yenyewe yana povu la kijivu, yananuka kama maziwa yaliyosahauliwa kwenye sufuria.

Jirani yangu alikuwa ukingoni anamenya mihogo. Wazazi wake walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, yeye sasa ni raia, na ndiye aliyenifundisha kuwasha kuni mbichi nilipofika. Viroba vyake vitatu vilikuwa humo ndani, mihogo ya unga wa kumpelekea bintiye aliyekuwa amejifungua huko Kibondo.

Alimwona mdogo wangu anaegemeza simu kwenye jiwe imrekodi, kisha anavua shati.

"Oya, mdogo wangu, hapo hatuogi," akasema. "Chini kuna kamba, na hata huzioni. Pa kuoga ni kule juu, kwenye mawe."

Mimi ndiye niliyejibu. Nilibetua mdomo na kusema, "Mwache tu, mama. Sisi tumezaliwa baharini."

Mdogo wangu akakimbia, akajitupa kichwa mbele ndani ya maji asiyoona chini yake. Aliibuka anacheka na kutema mate. Akapiga mbizi nyingine, akafika katikati. "Dada, maji haya hayabebi," akasema. Alizoea chumvi imwinue. Kisha akazama.

Siku zote nilidhani mtu anayezama hupiga kelele. Yeye alikuwa kimya. Mdomo ulitokeza, ukafunikwa, ukatokeza tena, na macho yakawa yananitazama mimi. Na mimi niliyezaliwa baharini sijui kuogelea. Pangani nilioga ufukweni na kanga kifuani, maji yakinifika kiunoni, basi.

Jirani hakuingia majini. Alishika kamba zake moja moja mpaka akapata ile iliyokuwa inatetemeka, akaivuta huku akiwaita wenzake waliokuwa shambani. Walikuja wawili. Kiroba kikachanika kwenye mawe, mihogo ikamwagika, uzito ukapungua, na mguu wa mdogo wangu, ulionaswa humo, ukaja na kamba.

Walimlaza kwenye tope. Alitapika maji ya kijivu, nywele zimejaa utelezi. Alipopata pumzi, neno lake la kwanza lilikuwa, "Watu gani hawa wanaweka uozo kwenye maji?"

Nilitamani kumzaba kofi. Aliyeokolewa kwa kamba za watu anaziba pua mbele yao! Jirani alikuwa amepiga magoti anaokota vipande vya mihogo topeni, vinavyopondeka mkononi, anavitia kwenye kitenge chake. Hakutugombeza. Alisema tu kwamba bintiye atasubiri wiki nyingine.

Jioni nilimpigia simu mama yetu. Nikamweleza nilivyopiga kelele mpaka watu wakaja, akalia na kunishukuru. Niliamini kila neno nililomwambia.

Mdogo wangu aliporudi Pangani alinitumia ile video, eti nione alivyoruka vizuri. Niliifungulia ofisini peke yangu. Nasikika vizuri kabisa, nikijidai: "Mwache tu, mama. Sisi tumezaliwa baharini." Halafu maji. Halafu sauti ya mwanamke anaita, anaita tena, inapasuka. Niliirudisha mara tatu nikitafuta yangu. Ni ya jirani yangu. Mimi sisikiki tena mpaka mwisho.