Bandi ya Kwanza ya Kwaya Yetu, na Albamu ya Furaha

Sisi tuliokua wakati radio ilikuwa moja kwa mlima mzima, tusogee karibu tusemezane, maana wajukuu wetu wanafikiri muziki umeanza juzi, mjini Mbarara.

Mjukuu wangu Furaha ametoa albamu. Ya kwanza. Anapiga gita katika bendi ya vijana wanne, wawili wa hapa kambini Nakivale, Uganda, na wawili wa mjini, na muziki wao wanauita roki ya wimbi jipya. Nimeusikiliza. Kinanda cha umeme kinalia kama birika iliyosahauliwa motoni, ngoma inagonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango, na Furaha mwenyewe anaimba kama aliyeamshwa kabla usingizi haujaisha. Nikamuuliza nani aliutunga muziki wa namna hii. Akanieleza kwa heshima kabisa kwamba ulianza Ulaya, miaka ileile mimi nikichunga ndama. Kumbe hicho kipya chao ni cha rika langu, na mimi ndiye wananiita mzee.

Walirekodi Nyamityobora, mtaa wa Mbarara, katika chumba ambacho kuta zake zimevalishwa magodoro. Wimbo mmoja waliurudilia siku nzima, kisha kompyuta ikaondoa pumzi, kikohozi, na kila fasi ambapo sauti iliteleza. Halafu, sikilizeni hii, wakamwomba fundi aifanye sauti ya Furaha iwe nyembamba kama ya kifaranga. "Juu njo mtindo, Koko," akaniambia, eti ndio mtindo wa siku hizi. Koko ndiye mimi, bibi yake. Nikacheka mpaka kitambaa kikafunguka kichwani. Sauti hiyo sisi tuliipata bure.

Kule kwetu Kongo, milimani juu ya Uvira, asubuhi ilinuka maziwa na moshi wa samadi kavu. Umande ulikuwa baridi mpaka tulikuwa tunasimama fasi ng'ombe ametoka kulala, ili miguu ipate moto kidogo. Shule niliionja tu, kwa sababu ya ndama. Mchana ni mahindi ya kuchoma, au viazi vya kwenye jivu ambavyo unavila ukivirusha mkono huu na mkono huu. Na Jumamosi ni kwaya ya watoto. Hiyo ndiyo ilikuwa sinema yetu na mpira wetu, na fasi pekee ambapo msichana alifungua kinywa bila kuambiwa afunge.

Mwalimu wetu wa kwaya aliitwa Yona, mtu mwembamba mwenye sauti ya mtu mnene. Siku moja akaja na radio ya kaseti aliyoazima kwa shemeji yake, akasema tutatengeneza bandi yetu ya kwanza. Kaseti sisi tuliiita bandi. Akasema tutaipeleka madhabahuni siku ya malimbuko, maana kwetu kila kitu cha kwanza kilikuwa cha Mungu: mahindi ya kwanza, maziwa ya kwanza, na sasa kaseti.

Baba yangu alisikia hayo akiwa anakamua. Hakugeuza kichwa.

"Ndama banapotea kila Jumamosi juu ya hii kwaya," akasema. "Basi nitaisikia hiyo bandi ku kanisa. Ikiwa muzuri, utaimba. Ikiwa ni makelele, unarudia ndama bako, na hatutasema tena."

Siku ya kurekodi niliimba kama mtu anayevutwa kutoka mtoni.

Tulirekodia nyuma ya kanisa. Mapile ya radio, betri zake, yalikuwa yamechoka, na mnajua tulivyokuwa tunafanya: unayaanika juani, unayang'ata kwa meno, unayarudisha ndani, yanapata roho kidogo. Mwalimu Yona aliyang'ata moja moja mpaka yakakubali. Bandi ikazunguka polepole kama ng'ombe mwenye mimba, sisi tukaimba, jogoo akaitikia fasi isiyo yake. Tulipoisikiliza palepale ilikuwa sawa kabisa.

Siku ya malimbuko wazee wa kanisa, kwa kutuheshimu, wakanunua mapile mapya. Hapo ndipo tulipokwisha. Bandi iliyorekodiwa kwa mapile yaliyochoka, ukiipiga kwa mapile mapya, inakimbia. Kwaya yetu ikatoka mle ndani chwi-chwi-chwi, kama vifaranga vilivyomwagiwa maji. Jogoo akalia kama filimbi. Kanisa zima likainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Mama mmoja wa mbele akanong'ona, na kunong'ona kwake kukafika mlangoni: "Aba batoto balikula nini?" Mimi nikatazama upande wa wanaume. Baba alikuwa amekunja mikono. Nikajiona tayari niko na ndama.

Mwalimu Yona hakuizima radio. Alitugeukia, akasema chinichini, "Muimbe nayo. Muikimbilie."

Tukaingia juu ya bandi mbiombio, maneno yakigongana menoni, tukaifukuza kama ndama aliyekata kamba. Mara tukaikamata. Wimbo uliokuwa wa kuzikia watu ukawa wa arusi. Wamama wakatoka kwenye mabenchi, vumbi likapanda, hata mchungaji akapoteza kiatu. Toka siku ile hakuna aliyetaka tena kuusikia wimbo ule kwa mwendo wake wa zamani.

Habari hii nilimpa Furaha wiki iliyopita. Tumeketi nje ya nyumba, waya mmoja sikioni mwake, mwingine sikioni mwangu, maana siku hizi hata wimbo mnagawiana kama dawa. Akasema albamu yao imesikilizwa na watu wengi, mpaka Kanada.

"Uliwaona wakicheza?"

"Hapana, Koko. Wananitumia moyo."

"Moyo gani?"

Akanionyesha kwenye simu. Kweli, mioyo myekundu, midogo kama maharage, imejaa. Na wenye mioyo hiyo, Furaha hamjui hata mmoja. Mle ndani ya albamu kuna wimbo mmoja ulionishika, nikamwomba aurudilie. Simwambii kwa nini, atavimba kichwa.

"Na baba yako alisemaje siku ile?" akaniuliza.

Hakusema. Wazee wetu hawakuwa na desturi ya kusifu mtoto. Ungesifiwa, ungefikiri uko karibu kufa. Alirudi nyumbani, akala, wiki ikapita. Jumamosi niliamka, nikaenda kuchukua fimbo yangu nyuma ya mlango, sikuiona. Nikatoka nje. Baba alikuwa ameshafika kule bondeni, na ile fimbo yangu fupi ya kitoto mkononi, nguo imelowa mpaka magotini, anawafukuza ndama mwenyewe.

Leo mtu akikupenda anabonyeza kidole akiwa amelala. Zamani ilibidi alowe miguu.