Punda ya kuazima

Punda alikufa semaine ya kwanza. Semaine ya saba tulikuwa tungali tunaongelea ule punda.

Kila mercredi, katikati ya juma, saa kumi na mbili ya mangaribi, naendaka kwenye masomo ya bantu bakubwa kule mutaa ya Ixelles, étage ya pili ya nyumba moja, fasi Bayahudi banafundishaka maandiko yao ya zamani. Mulango uko wazi kwa kila muntu. Miye niko Mukristo, nilimaliza secondaire, natumika mu magasin ya bitambaa Saint-Josse. Nilianza kwenda kule juu ya pasteur wetu. Kila mara nilimupa ulizo, alijibu ni siri ya Mungu. Maulizo kumi na mbili, siri kumi na mbili. Nikawaza, acha niende kuuliza benye kitabu.

Kule hakuna siri. Banakuelezea kila kitu, polepole, mpaka unaanza kutamani siri.

Madame mwenye anafundisha anasemaka dakika kumi tu. Kisha bantu banakaa babili babili, meza moja, karatasi moja. Mumoja anasoma, mwengine anapinga. Haiko kwa ubaya, ni vile banasomaka tangu zamani. Mwenzako akisema nyeupe, kazi yako ni kutafuta kama haiko nyeusi. Na kama hauna mwenzako, haubaki. Madame alisema wazi siku ya kwanza: muntu mwenye kusoma peke yake anakubaliana na mujinga.

Mwenzangu ni papa moja, muzee wa miaka makumi munane na moja. Balituweka pamoja juu ya Kiswahili. Alizaliwa Lubumbashi, wakati muji ulikuwa na jina lingine. Baba yake alikuwa na duka kule. Alitoka angali kijana. Kiswahili yake alijifunza mu cuisine ya kwao, fasi batumishi balitumwaka, donc iko ya amri tupu. Siku ya kwanza aliniambia: "Ikala. Soma." Nikaikala, nikasoma.

Somo lilikuwa hivi. Muntu akichunga kintu yako bure, na kintu ikaharibika bila uzembe yake, halipe. Lakini muntu akiazima punda yako na punda akufe, analipa, hata kama punda alikufa kwa saa yake, juu faida yote ilikuwa ya ule mwenye kuazima. Ila kitu kimoja: kama siku ya kuazima mwenye punda alikuwa naye anatumika pamoja na wewe mu kazi yako, basi, haulipe. Juu ya nini? Hapo njo tulikwama semaine tatu. Miye ningemaliza kwa dakika tano.

Lakini shida ilikuwa miye. Kwetu mutoto habishane na papa wa miaka ile. Alisema mwenye kuazima analipa, nikajibu: "Ndiyo, papa." Semaine ingine alisema halipe, kunijaribu tu. "Ndiyo, papa."

"Semaine imepita ulisema ndiyo kwa kinyume," alisema.

"Ndiyo, papa."

Alitoa miwani, akaipanguza, akairudisha.

"Mutoto, kwangu niko na ukuta. Nikisema kintu, ukuta unanyamaza. Weye uko mubaya kupita ukuta. Weye unakubali."

Karibu niseme ndiyo.

"Bon," alisema. "Semaine inakuja unaniambia non. Hata moja. Kama hapana, naomba madame anipe muntu mwengine."

Bale bengine bote balikuwa na benzao. Papa akiondoka, na miye ninaondoka. Ku kazi, patron ananiulizaka tu kama rideau ya dirisha ya bleu ingali iko. Pale Ixelles, semaine ya tatu, nilitoa ulizo moja ya bupumbafu kuhusu ule punda, na bantu bazima na nywele nyeupe baliichunguza semaine mbili. Sikutaka kutoka.

Kabla ya kwenda, papa alitosha farde ya manjano mu sakoshi yake. Ndani, karatasi saba, photocopie za somo lilelile.

"Ya bibi yangu, mwenye nilioa," alisema. "Alikuwa anaikala mu hii kiti yako. Alinipinga miaka makumi ine. Angalia vile banafanyaka. Kisha rudisha."

Bibi yake alikufa, inaenda miaka ine. Nilisoma karatasi zake ndani ya bus. Pembeni, kwa crayon: *Non.* Chini yake: *Non, umeruka mustari.* Ukurasa wa tatu: *Non, na tena kula kintu.*

Samedi nilienda kazi, farde niliiacha ku meza ya cuisine. Samedi njo siku mama anakaangaka bitumbua bya dimanche, bya bamama ba sala kule Koekelberg. Na mama, tangu Lubumbashi, anafungaka bitumbua mu karatasi. Sopalin, ile karatasi laini ya kupanguza, anasema inakunywa mafuta yote na kuacha bitumbua bikavu.

Nilirudi nikaona farde iko nyembamba.

"Mama, karatasi zilikuwa humu ziko wapi?"

"Zile za kuchorwa-chorwa na crayon? Niliwaza ni brouillon, za kutupa."

"Mama, ilikuwa Neno la Mungu."

"Basi bitumbua bibarikiwe."

Dimanche nilienda Koekelberg na miye. Nilingoja sala iishe, masaa mbili na nusu muzima, kisha nikapita kwa kila mama: pole mama, karatasi tafazali. Mama moja aliniuliza kama nilianza kuchunguza bitumbua bya bantu. Nilipata tano. Mbili zilikwenda na benyewe kabla ya amen.

Mercredi nilifika kabla ya kila muntu. Papa alipoikala, nilimuwekea zile tano ku meza. Unaweza kuona meza kupitia karatasi.

"Papa, mama alifunga bitumbua ndani. Hizi nilizipata. Mbili hapana."

Aliinua moja, akanusa.

"Bitumbua ya nini?"

"Ya ngano na ndizi."

Akairudisha chini, akainyoosha na mukono, polepole, kama muntu ananyoosha nguo. Nilikuwa nimeshafunga manteau yangu ya baridi tena, tayari kutoka.

"Alors," alisema. "Weye uliazima. Mwenye kuazima analipa, hata kama ni ajali. Unasema nini?"

Ile ndiyo ilikuwa tayari mu kinywa. Lakini karatasi ya juu ilikuwa inanitazama. Mafuta yalifuta mistari mingi, ile crayon ya bibi yake ilibaki, nyeusi kuliko mwanzo.

"Non, papa."

"Non juu ya nini?"

"Juu saa ile ulinipa, ulikuwa unatumika na miye. Hapa, meza hii. Mwenye punda naye alikuwa anatumika. Silipe."

"Non. Nani alikuwa anatumikia nani? Miye mwalimu, weye mwanafunzi. Mwalimu anasema twende hapa, mwanafunzi anafuata. Njo weye ulikuwa unanitumikia."

"Non, papa. Semaine saba ulikuwa unaningoja niseme neno moja. Mwenye kungoja njo mutumishi."

Bantu ba meza ya pembeni baliacha punda yao.

"Na mama yako?" papa aliuliza. "Yeye hakuwa ku meza hii."

"Mama iko hoja ingine."

"Bon. Mama tunamuweka." Aligeuza karatasi. "Zile mbili zinakosa, pembeni zilisema nini?"

"Non," nilisema. "Na moja, non, fungua dirisha."

"Dirisha," alisema. Alitazama dirisha. Lilikuwa limefungwa. Alisimama, akalifungua, akarudi.

Kisha alitwaa crayon, akataka kuandika hoja yangu pembeni, chini ya maneno ya bibi yake. Crayon iliteleza. Mafuta haikubali crayon. Alijaribu tena fasi ingine, ikateleza tena.

"Leta bic," alisema.

Nilitosha bic yangu, lakini sikuiachilia.

"Unaiazima, papa, ao unaichunga?"

"Naazima. Na saa hii weye uko unatumika na miye, donc wino ikikauka, silipe."

"Non, papa."

"Weka hiyo non fasi moja, tutairudilia." Aliivuta bic mu mukono yangu, akaanza kuandika.

Madame alipita nyuma yetu na liste yake mukononi. Alimuuliza papa kama angali anataka abadilishiwe mwenzake, maana semaine imepita alimuambia anaweza kuomba hivyo.

Papa hakuinua kichwa.

"Haiwezekane," alisema. "Niko na bic yake."